Foleni Iliyo Ukutani

Dada yangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nafagia ukumbi wa mkutano wa kuwalinda wakimbizi. Jana wakubwa walibishana asubuhi nzima kama waandike "tunahimiza" au "tunasihi". Wakakubaliana kwenda kula.

Ukutani wametundika picha kubwa ya wakimbizi kwenye foleni ya kuandikishwa. Jumatatu, nikifuta kioo, nilimwona Mama. Ndiyo, Mama yetu tuliyepotezana naye mpakani, na kilemba chake cha kijani. Alikuwa wa kumi na moja. Jumanne alikuwa wa saba. Leo ni wa pili, anakaribia fremu.

Nilimwonyesha msimamizi.

"Mzee, picha haitembei," akacheka. "Labda akili yako ndiyo imetoka matembezi."

"Haya, hesabu na kesho uhesabu tena."

"Kesho ipi? Mkutano umekwisha. Jioni hii picha zote zinachanwa."

Dada, sijawahi kuiba maishani, ila leo nimeiba. Picha iko chumbani kwangu, imeegemea ukuta. Kioo kimeanza kutoa jasho kwa ndani.

Njoo upesi. Sijui nitampokeaje Mama peke yangu.

Kaka yako