Kabati Alilotuachia Bertha

Jumatatu, 26 Mei 2025
Esnath amekohoa tena hadi akatapika uji. Wiki ya tano hii! Nimempigia Bertha, yuko Mbeya siku hizi. Ndiye aliyenirithisha hiki chumba cha Ipogolo, na mwanawe naye alikuwa akikohoa humuhumu. Kasema nimfukize mtoto kwa majani ya mkaratusi, asubuhi na jioni, madirisha yafungwe mvuke usipotee. Mungu ambariki. Tumeimba alto pamoja kwaya ya kanisa miaka sita.

Alhamisi, 29 Mei
Sufuria, blanketi, kilio. Kifua kinapiga filimbi zaidi ya juzi. Kuta zinatoa jasho, na ile harufu ya gunia bichi imezidi. Lakini kwa baridi hii nani afungue dirisha?

Jumamosi, 31 Mei
Zahanati. Daktari, binti mdogo tu, hakuanza na kikohozi. Aliuliza kuhusu chumba. Kuna unyevu? Kuna harufu? Mtoto analala wapi? Nikasema ubavuni mwa kabati. Akasema nikaangalie nyuma yake.

Kabati la Bertha! Aliniachia bure, akanisihi nisilisogeze, eti miguu mibovu. Leo nimelisukuma na jirani yangu Faustina. Miguu mizima kabisa. Ukuta mweusi! Kuvu tupu, kuanzia sakafuni hadi kifuani kwangu, ina manyoya. Upande wa pili ni bafu la wapangaji wenzetu, bomba linavuja ndani kwa ndani. Na juu ya weusi mtu alishapaka rangi, ikabanduka. Rangi ya pinki. Ileile ya kitanda cha mtoto wa Bertha.

Alijua.

Jumapili, 1 Juni
Sikwenda kanisani. Ningeimbaje alto ileile niliyoimba naye?

Esnath nimemhamishia kwa Faustina. Daktari alionya: kuvu haifutwi kavu, vumbi lake linaingia mapafuni. Nimejifunga kitambaa puani, nimesugua kwa maji ya sabuni, madirisha wazi. Bomba lisipozibwa itarudi tu. Na kufukiza basi — unyevu ndio chakula chake. Siku zote hizo nilikuwa nailisha kwa mkono wangu!

Jumanne, 3 Juni
Bertha kapokea simu. Nikamtajia pinki. Akaanza kulia. Kumbe mwenye nyumba alimwambia kodi ya mwaka aliyolipa mbele hairudi mpaka alete mtu wa kuingia. “Na wewe ulikuwa unahangaika kutafuta chumba, Mama Esnath.” Nikamuuliza mwanawe alipona lini.

Wiki mbili baada ya kuhama.

Na bado akaniambia nifunge madirisha! Nimekata simu.

Ijumaa, 6 Juni
Esnath analala bila kukohoa. Usiku wa tano kwa Faustina, lakini nao wako sita chumba kimoja, hatuwezi kukaa pale. Mzee Silvester, mwenye nyumba, kaja kutazama ukuta. Kasema ni baridi ya Iringa tu, bomba atalifikiria. Nataka kuhama na kodi yangu irudi? Nilete mtu kwanza.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Evarista, soprano mgeni, kanishika mkono. Anatafuta chumba. Mimba ya miezi minane. Nikamwambia aje saa kumi.

Weusi umeshaanza kurudi pembeni.

Saa kumi kasoro robo. Faustina kanisaidia kulirudisha kabati ukutani. Lilikuwa katikati ya chumba, mjamzito angepita wapi? Nitamwambia. Nikishamwonyesha dirisha, nitamwambia. Hodi hiyo —