Mzigo wa Kwenda Urambo

Baba Tumaini, mume wangu,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na reli zako bado ziko sakafuni. Zinaanzia sebuleni chini ya dirisha, zinapita korido nzima, zinaishia kwangu jikoni. Kila anayekuja kunipa pole anaziruka kama anaruka mtaro, halafu ananiuliza, "Mama Tumaini, hivi vitu utaviondoa lini?" Nimechoka kujibu. Nimeona nikuandikie wewe, na wao wasome wakitaka, labda wataacha kuniuliza.

Mwanzoni sikuzipenda treni zako, na hilo ulilijua vizuri. Ulipostaafu kule karakana ya reli nilidhani utalima karanga kama wanaume wenzako wa Chemchem. Kumbe wiki haijaisha unarudi kutoka kwa muuza vyuma chakavu wa Isevya, umekumbatia gunia kama umeokota mtoto. Ndani yake kichwa cha treni cha mvuke, urefu wa shubiri moja na nusu, kimeliwa na kutu mpaka huwezi kuhesabu magurudumu.

"Kilikuwa cha kuchezea cha mtoto wa mkubwa fulani, zamani hizo," ulisema. "Hiki kitatembea."

"Kitembee kirudi kilikotoka," nikakujibu.

Ulicheka. Ukakiloweka kwenye mafuta ya taa, ukaanza kukisugua kwa mswaki wangu wa zamani. Siku moja ukakosea, ukachukua na mpya. Baada ya hapo nyumba haikuwa yangu tena. Kikaja kichwa cha pili, ulichokitengeneza mwenyewe kwa makopo ya mafuta. Kikaja cha tatu, ulichokikuta Mwanza mnadani kikiwa hakina hata ekseli moja nzima. Mpaka mwisho vilikuwa vitano. Mataluma, yale magogo ya kulalia reli, ukachonga kwa vipande vya mninga, kimoja kimoja, umeketi kizingitini na miwani yako iliyofungwa kwa uzi. Sebule ukaiita Tabora. Jikoni ukapaita Urambo, kwa sababu mimi ndiko nilikozaliwa.

Kile kichwa cha kwanza ulikipenda kuliko vingine vyote. Kilikuwa na boila ya kweli, kinachemshwa kwa spiriti, kinatoa moshi na mlio. Siku ulipokiwasha mara ya kwanza mimi nilikuwa natoka jikoni na sufuria ya maharage. Sikukiona. Kilitokea koridoni kasi, nikakikanyaga, maharage yakanimwagikia mguuni. Ulinipaka asali, ukanifunga kitambaa, ukaketi chini pembeni yangu mpaka maumivu yakapoa, na uso wako ulikuwa wa mtu aliyeua.

Kesho yake ulikuja na kipande cha shaba, kirefu kama kidole, kina tundu upande mmoja. Ukapigilia msumari karibu na mlango wa jikoni, ukakitundika.

"Hii ni tokeni," ulisema. "Kwenye reli ya njia moja dereva haingii mpaka akabidhiwe hii mkononi na stesheni masta. Inakuwa moja tu, ili treni zisikutane. Kuanzia leo stesheni masta ni wewe. Bila wewe kunipa hii, hakuna kichwa kitakachotoka Tabora."

Nilidhani ni utani wa wiki moja. Ukaushika miaka yote.

Kila asubuhi ulikuja kutoka sebuleni, hatua kumi na tano tu, unasimama mlangoni, unavua kofia, unanisalimu kwa kilugha. "Mwangaluka, stesheni masta. Naomba njia." Na mimi nikajifunza kiburi cha cheo. Nikishapiga deki nilikuambia, "Njia imefungwa, maji hayajakauka." Nikianika mchele koridoni, njia imefungwa. Ukiwa umeniudhi, imefungwa bila maelezo. Ulirudi ukaketi, hukunung'unika. Nikikupa tokeni ulikwenda karibu kukimbia, mzee mzima, na baada ya muda nasikia mlio, kinakuja chenyewe na mabehewa matatu. Ulinitumia chumvi, vibiriti, siku moja yai limefungwa kwenye pamba. Mimi nilikurudishia karanga za kukaanga. Nilikuwa naudhika na masizi ukutani, lakini nisiposikia ule mlio mpaka saa nne nilitoka kwenda kuchungulia kama unaumwa.

Nilifurahi, Baba Tumaini. Sikuwahi kukuambia. Nakuambia sasa, haina faida.

Sasa habari ya dele. Wasomao wajue kwamba mama yangu aliniachia dele la shaba, birika la kahawa. Alilipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, yule aliyekuwa akiwauzia chakula wapagazi wa misafara pale Urambo, walipokuwa wakienda Ujiji na kurudi. Mfanyabiashara mmoja alimwachia dele kwa kubadilishana na asali. Wewe mwenyewe ulipenda kusema kwamba reli ilifuata njia ile ile ya wapagazi, kwa hiyo mama wa bibi yangu ndiye stesheni masta wa kwanza wa Urambo. Dele lilikuwa limetoboka chini zamani. Halikushika maji. Lilikaa juu ya kabati, nikilifuta vumbi kila Jumamosi.

Nilikwenda kwa kaka kusaidia kuvuna. Niliporudi ulinipokea mlangoni unang'aa. "Njoo uone!" Boila ya kile kichwa chako ilikuwa imeoza, ukaitoa, ukaweka mpya, nyekundu, imesuguliwa mpaka unajiona sura. "Shaba kama hii siku hizi haipatikani," ulisema.

Nikaangalia juu ya kabati. Palikuwa na duara tu, mahali vumbi halikufika.

"Dele la mama liko wapi?"

Ulikiweka kichwa chini taratibu. Halafu ukasema neno ambalo nililibeba miezi minane. "Lilikuwa limetoboka, Mama Tumaini."

"Na mimi nikitoboka?"

Ukainama, ukaanza kufuta magurudumu. Kilichoniuma si shaba. Wewe ni mtu uliyekuwa ukivua kofia kila asubuhi kuniomba ruhusa ya kupitisha treni ya kuchezea, halafu kitu cha mama yangu ukakikata kwa mkasi wa bati bila kuniuliza. Nilifungasha nguo. Nilipofika mlango wa jikoni nikachukua tokeni msumarini, nikaifunga kwenye ncha ya khanga, mbele ya macho yako, nikaenda Mwanza kwa mwanetu Tumaini.

Nilitaka ukose treni yako kwa siku chache. Nilijua utachonga nyingine. Wewe ni fundi, kile kilikuwa kipande cha shaba tu, ingekuchukua muda wa kunywa chai.

Kila Jumapili ukitoka kanisani ulinipigia simu. Salamu, mvua, kuku. Halafu unasema, "Kuna mzigo wako hapa Tabora."

"Njia imefungwa," nakujibu.

"Haya. Nasubiri."

Na mimi nakata simu nimevimba. Nilidhani unanitania. Nilidhani unachotaka ni tokeni yako, na kwamba umri wote huu hujajifunza kusema "nimekosa". Nilitaka neno hilo moja. Tumaini alikwenda kukusalimia, akarudi akaniambia, "Mama, baba haendeshi kabisa. Kila asubuhi anafuta reli, anatia mafuta magurudumu, halafu anaketi. Nikamwambia, baba si uchonge nyingine? Akasema tokeni ni moja."

"Ukaidi huo," nilisema. Moyoni nilifurahi kidogo. Nakuungamia hilo pia.

Simu ya mwisho ulisema, "Mama Tumaini, reli inashika kutu." Sauti yako ilikuwa ndogo. Nikasema nitakuja Pasaka ikipita. Jumanne yake Mama Rehema wa jirani ndiye aliyepiga. Alikukuta asubuhi umeketi kwenye kiti chako pale dirishani, kitambaa mkononi, moyo umesimama.

Nilikuja na tokeni kwenye ncha ya khanga ile ile. Nyumba ilikuwa imejaa watu, kina mama wa kanisa wametandika mikeka, pembe ya dirishani Tumaini ameifunika shuka vitu vyako visikanyagwe. Sikupata hata nafasi ya kutazama. Walipotuita kukuaga, kwaya inaimba uani chini ya turubai, nilikufungua vidole. Vilikuwa vigumu. Nikakuwekea tokeni kiganjani, nikavifunga. Nilisema kimoyomoyo, chukua, Baba Tumaini, njia iko wazi, nenda. Nilijiona nimekufanyia jambo kubwa. Nilidhani nakurudishia kitu chako.

Matanga yalipoanuliwa, watu wakaondoka, ndipo nikafunua shuka.

Treni ilikuwa imesimama Tabora, imetazama jikoni. Kichwa kile chenye boila ya dele la mama kimesuguliwa, tangi la spiriti limejaa. Behewa la kwanza tupu. La pili tupu. La tatu lina mzigo umefungwa kwa uzi, pande nne, kama ulivyofunga mizigo ya kweli ulipokuwa kijana. Ni dele. Dogo, halizidi ngumi yangu. Mwili wake umeuunga kwa vipande vilivyobaki, maungio yanaonekana, lakini mdomo ni ule ule wa dele la mama, na kifuniko umekipunguza kikaenea. Umefunga na kikaratasi, kwa mwandiko wako wa karakana, herufi zimesimama wima: Dele moja. Kutoka Tabora kwenda Urambo. Apokee Mama Tumaini mwenyewe.

Nikakigeuza kile kikaratasi kwa ncha ya kidole. Nyuma umeandika: Halivuji. Nimelijaza maji siku tatu.

Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Tumaini alikuja mbio akidhani nimeanguka. Alipoona, akanyoosha mkono alifungue anipe, nikaupiga mkono wake. Mtu mzima, ana watoto wake, nilimpiga kama ana miaka mitano.

"Mama, si dele lako hili?"

"Ni la Urambo," nikasema. "Halijafika."

Ndipo nikakumbuka mahali tokeni ilipo.

Wamenisihi wote. Mzee Kasanda, uliyefanya naye kazi karakana, alikuja na fimbo yake, akainama kwa shida kuutazama ule mzigo, akajifuta macho. Akasema, "Shemeji, nitakuchongea tokeni nyingine kesho. Hata marehemu angekubali." Nikamwambia, "Marehemu alikuwa na shaba, ana tupa, ana mikono mizuri kuliko yako, akakaa miezi minane hakuchonga. Mimi nitachongaje?" Mkeo amechanganyikiwa, ndivyo wanavyosema wakifika getini, nawasikia.

Labda nimechanganyikiwa. Kuna siku nafika pale dirishani, mkono unatoka wenyewe, unafika nusu. Ni kunyoosha tu. Hakuna atakayeniona. Lakini na wewe hakuna aliyekuona, miezi yote ile peke yako ndani ya nyumba hii. Ungeweza kuiendesha mchana kutwa nisijue. Hukuiendesha, kwa sababu siku moja maharage yalinimwagikia mguuni na ukaniahidi.

Nimekukasirikia pia, usidhani. Kwa nini hukusema ni dele? Ungelitaja tu kwenye simu, ningepanda gari siku hiyo hiyo. Ulitaka nije mwenyewe, nikupe tokeni kwa mkono wangu, halafu uniletee mpaka jikoni kwa treni, na mlio wake, unione uso. Nakujua. Ulikuwa unaniandalia hiyo asubuhi. Lakini hasira ikipoa nabaki na jambo langu mwenyewe. Uliniambia kila Jumapili kwamba nina mzigo Tabora, na hata siku moja sikuuliza ni mzigo gani.

Naishi hivi sasa. Asubuhi nafuta reli kwa kitambaa chako, natia mafuta magurudumu. Kutu imeondoka. Mchele naanika uani. Deki napiga kwa kuruka mataluma. Kahawa nachemsha kwenye sufuria, nakunywa nimesimama mlango wa jikoni pembeni ya ule msumari, natazama korido mpaka mwisho. Mwanga wa dirishani ukiingia, naliona dele linang'aa juu ya behewa la tatu.

Leo pia nimefungua mlango. Hakuna kilichoanikwa, sakafu imekauka. Njia iko wazi, Baba Tumaini, iko wazi tangu asubuhi. Lakini tokeni unayo wewe.

Mkeo,
Mama Tumaini,
stesheni masta wa Urambo