Nukta Kwenye Daftari la Mahudhurio

Jumatatu, 12 Mei

Zaituni wa darasa la saba yumo kwenye orodha ya watoro sugu. Afisa elimu kata amenipigia saa nne kasoro. Amesema orodha imetoka wilayani, Kibiti, na kwa shule yetu ina jina hilo moja. Waliomo wanafutwa usajili kabla ya mtihani wa Septemba.

Nikamjibu nimesikia.

"Mama, wiki yako ya mwisho hii, usijisumbue. Atakayekupokea atashughulikia."

Atakayenipokea anafika Alhamisi. Makabidhiano Ijumaa. Nimetimiza miaka sitini, nastaafu. Sina la kusema juu ya hilo.

Kengele. Uji. Hisabati darasa la sita. Chaki nyeupe zimebaki boksi mbili.

Zaituni si mtoro. Yuko dunguni.

Jumanne, 13 Mei

Nimejua kosa lilipotokea. Ni langu.

Kila mwaka mpunga ukianza kuchanua, nusu ya watu wa kisiwa hiki inahamia mashambani. Watu wanaishi kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya majaruba. Mchana wanaamia ndege wasile mpunga, usiku wanafukuza nguruwe. Watoto wanakwenda nao. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliita wazazi, nikafoka, nikatishia polisi. Hakurudi hata mtoto mmoja mpaka mavuno. Mwaka wa pili nikapanda mtumbwi nikawafuata.

Tangu hapo kila Jumatano mchana nazunguka madunguni na madaftari. Nasahihisha, natoa kazi mpya, naondoka. Aliyefanya kazi anapata vema zake za wiki kwenye daftari la mahudhurio, kila moja na nukta pembeni. Maana yake: hakuwa darasani, lakini amesoma. Haimo katika mwongozo wowote. Walimu wa hapa wote wanaijua.

Mwalimu Kulwa haijui. Alikuja Januari kutoka Kanda ya Ziwa. Ndiye anayeingiza mahudhurio kwenye kishikwambi, na kishikwambi kina "yupo" na "hayupo" tu. Aliona nukta, akadhani mwalimu wa darasa amefuta vema. Akaweka "hayupo". Wiki baada ya wiki. Watoto wengine hupokezana na ndugu zao dunguni, kwa hiyo siku zao hazikuvuka kikomo cha utoro. Zaituni hana wa kupokezana naye. Ana bibi yake basi.

Kulwa alikaa mbele yangu akitoka jasho. "Mkuu, si ungeniambia?"

Kweli. Sikumwambia.

Jumatano, 14 Mei

Mtumbwi, saa nane. Bi Mwajuma, bibi yake Zaituni, alinisikia kabla ya kuniona. Macho yake yote mawili yameingia ukungu.

Shikamoo. Marahaba. "Wasema waondoka, mwalimu. Sasa Jumatano nani atanijia na makelele?"

Nikamweleza habari ya orodha.

"Mpunga uko kwenye maziwa, punje bado laini. Nikimtoa huyu siku mbili, ndege wamemaliza. Mie nawasikia, siwaoni. Kombeo nilielekeze wapi, mbinguni?"

Zaituni alicheka, kisha akaacha. Akanipa daftari. Sehemu na desimali, tisa kwa kumi. Aliuliza kama mtihani ataufanya. Nikasema sijui, kwa sababu sijui.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekupwa. Mimi na mpiga kasia tumesukuma mtumbwi kwenye tope zaidi ya saa nzima. Sikuwaza chochote.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeandika barua kwenda wilayani. Ukurasa mmoja. Kwamba mtoto huyu amefanya kazi zote, madaftari yapo. Kwamba vema na nukta ni utaratibu wangu, niliuanzisha mwenyewe, na nimeutumia miaka kumi na minane bila kibali. Kulwa alitaka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyekosea kujaza. Nimekataa. Nimeweka sahihi na mhuri, nimeipiga picha, nimeituma kwa afisa elimu kata.

Ukiandika vile unategemea moyo udunde. Haukudunda.

Mwalimu Rehema, anayenipokea, amefika na boti ya mchana. Viatu mkononi, tope mpaka magotini. Anatoka shule ya Nyamwage, barabarani. Ameuliza choo kiko wapi, kisha ameuliza daftari la vifaa. Anafaa.

Ijumaa, 16 Mei

Makabidhiano saa tatu. Funguo, mhuri, madaftari, madawati moja moja.

Afisa elimu kata amekuja na majibu. Jina la Zaituni linabaki kwenye usajili wa mtihani kwa sharti moja: kuanzia Jumatatu mpaka kufunga shule tarehe 30, awe darasani kila siku, na mwalimu mkuu athibitishe. Akikosa siku moja, linafutwa.

"Na barua yako, Mama, imewekwa kwenye jalada lako."

Nikauliza wamesema nini juu yake.

"Hawajasema. Imekaa tu."

Rehema alifungua daftari la mahudhurio, akaweka kidole. "Ndizo hizi nukta?"

Ndizo.

"Kwetu Nyamwage watoto wanachelewa kwa kushangaa malori. Habari ya ndege ni mpya kwangu." Akafunga. "Mimi nitaandika yupo au hayupo, dada. Utanisamehe."

Nikasema sawa. Mahali pake ningesema hivyohivyo. Baadaye, tukiwa peke yetu, aliuliza ule mtumbwi wa Jumatano unafungwa wapi.

Kuniaga kulikuwa saa nane. Kamati ya shule imenipa mkeka wa ukindu na leso mbili. Mwenyekiti alisema wanaachwa yatima. Mama mmoja nyuma akamkatiza: "Yatima gani una ndevu!" Watu wamecheka, watu wamelia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu. Tarehe 19 mpaka 30 ni siku kumi za shule. Bi Mwajuma haoni ndege.

Jumamosi, 17 Mei

Boti ya kwenda Nyamisati, bara, imeondoka saa mbili bila mimi. Mizigo imekwenda. Jioni mdogo wangu amepiga simu kutoka nyumbani, Mtunda: "Dada, mkeka umefika. Wewe uko wapi?" Nikamwambia niko dunguni. Alidhani simu inakatakata.

Bi Mwajuma naye hakuamini. "Ataamia nani? Weye? Kombeo lako litaniua mie kabla ya ndege."

Zaituni amenifundisha. Donge la udongo, dogo, lililokauka. Zungusha mara mbili, achia ncha moja. La kwanza lilianguka nyuma yangu. La pili lilipiga nguzo ya dungu.

"Mwanafunzi mzito huyu," Bi Mwajuma akasema.

Kisha akauliza la maana. Nikichoka siku ya tatu, je? Mpunga huo ndio chakula chao cha mwaka. Nikamwambia nikichoka nitawapigia ndege kelele nikiwa nimekaa. Akasogeza magunia na kunionesha upande wangu wa kulala.

Jumapili, 18 Mei

Mazoezi. Bega linauma. Zaituni amefua sare.

Jumatatu, 19 Mei

Zaituni ameondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa mtumbwi wa jirani, viatu ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuaga sana.

Kundi la kwanza la ndege limeshuka saa moja. Bi Mwajuma anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema, "Kulia, jaruba la pili." Natupa. Wanaruka. "Wamerudi, kushoto." Natupa. Ndivyo ilivyokwenda asubuhi nzima. Hatukuongea mengine.

Simu inashika mtandao upande wa ngazi tu. Saa tatu na dakika kumi umeingia ujumbe wa Rehema. Neno moja: *Yupo.*

Nimemsomea Bi Mwajuma. Akasema, "Haya, na nyuma yako wameshuka."

Zimebaki siku tisa. Shule inafungwa Ijumaa, tarehe 30. Boti ni Jumamosi, tarehe 31, saa mbili asubuhi.