Gurudumu la Mkia

Jumanne, 1 Septemba 1987

Cawdron kaja, yule mwenyekiti wa kamati ya ukumbusho. Mdomo umejaa keki yangu! Jumapili wanazindua jiwe la ukumbusho wa wanahewa waliokufa vitani, kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Wilf wangu anakaribishwa, ila asimame nyuma na wanakijiji. Mbele ni kwa jamaa wa marehemu. Bi Hilda, unajua mwenyewe, anasema.

Najua! Wakati wa vita mume wangu aliruka hadi Ujerumani mara ishirini, kakaa mkiani mwa ndege peke yake na bunduki, baridi ikimla vidole. Mara ya ishirini na moja akasema basi, siwezi tena. Wakambandua beji ya bawa mbele ya kikosi kizima. Mwoga! Wenzake sita wakaondoka na mgeni kwenye kiti chake. Hawakurudi.

Na Cawdron? Vita vyote alikuwa stoo anagawa soksi. Hajawahi kuruka hata ukuta.

Alhamisi, 3 Septemba

Wilf anapiga viatu rangi. Nikamwambia tusiende, wazindue wenyewe, wapasuke. Hapana, anasema, ana jambo lake na wale vijana wenzake waliokufa.

Jambo gani? Akanieleza — miaka arobaini ya ndoa, ndiyo kwanza nasikia. Kabla ya kupanda ndege walikuwa wanakojolea gurudumu la mkia. Wote saba, kwa pamoja. Kuleta bahati. Usiku ule wasiorudi, yeye alikuwa kafungiwa chumbani, anasikia injini tu.

Nilicheka. Halafu nikamwona uso.

"Walikosa mkojo wangu, Hilda."

Jumamosi, 5 Septemba

Mvua. Suti yake inampwaya. Hali chakula. Nina hasira na kila mtu, hata na marehemu.

Jumapili, 6 Septemba

Naandika ndani ya gari. Milango nimeifunga.

Kasisi kaomba. Tarumbeta ikalia. Cawdron akasoma majina saba — la mgeni limo. Sisi kule nyuma, kwenye matope.

Ndipo Wilf akatoka. Akapenya katikati ya watu na mkongojo wake, mpaka kwenye jiwe. Nikadhani anataka kuligusa tu. Mungu wangu — akafungua zipu!

Mayowe! Cawdron anapiga kelele aitwe polisi, mzee huyu anawanajisi mashujaa. Nikakimbia. Nilitaka kumvuta, kweli kabisa, aibu ilinishika. Lakini nilipofika nikalifungua koti langu, nikamkinga. Maskini, kibofu cha uzee, hakitoki kitu.

"Taratibu, mume wangu. Wenzako watakusubiri."

Kikatoka kidogo. Matone tu. Wakatushika mikono, wakatukokota mpaka hapa, yeye suruali imelowa mbele ya kijiji kizima.

Sasa Cawdron yuko nje anamwambia polisi ashtakiwe. Polisi anagonga kioo. Sifungui! Wilf analia, hajawahi kulia tangu nimjue, na bado hajamaliza.