Zamu Moja na Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mvua kutwa. Majani ya chai yamefika kiwandani yamelowa chapachapa. Zamu ya jioni nimeshinda nikimwelekeza msimamizi mpya, kama nilivyowaelekeza wawili waliomtangulia. Wote wanaume. Wote wamekuwa mabosi zangu. Nimechoka kuwa naibu wa kila anayekuja.
Kabla ya kutoka, meneja kaniita. Nikajua nimeharibu kitu. Kumbe wanakuja wageni kutoka Dar, wanapima makampuni makubwa yanavyowatendea wanawake na wanaume kazini. Kuanzia kesho kutwa mimi ni msimamizi wa zamu ya asubuhi. Nimetoka siamini. Mwavuli nimeuacha ofisini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepewa koti la bluu la msimamizi. Nimepigwa picha. Mume wangu, Baba Neema, kafurahi mpaka kaleta nyama, na leo si sikukuu. Tukiwa tunakula akaweka tonge chini. Akauliza: "Zamu ya asubuhi si ndiyo ya baba?"
Nyama ikanishinda.
Baba mkwe anachochea kuni kwenye boila, tanuri la mvuke la kiwandani, zamu hiyohiyo. Ukoo huu bado unashika mila yetu ya Kinyakyusa: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hataji jina lake. Tangu niolewe sijaiona sura yake sawasawa. Ndiyo maana siku zote naomba zamu ya jioni. Sasa nitamwagizaje?

Jumatano, 5 Machi
Nimeomba nibadilishiwe zamu. Meneja kakataa, wageni wanakuja asubuhi. Wenzangu wananitania, eti bosi wa kujificha. Kila neno la boila nimemtuma Atupele wa kitengo cha kufungasha, akalifikisha. Mambo yamekwenda. Nimeanza kuipenda kazi hii. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni walifika saa tatu. Mama mmoja wa miwani akataka kuniona nikiwaagiza wanaume. Meneja, kwa kujionyesha, akaita watu wa boila waje ndani. Baba mkwe akaingia. Sikufikiri. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya mashine ya kukaushia, koti nimejifunika kichwani. Mbele ya wageni wote.
Yule mama akauliza ni nani huwa ananipiga humu kiwandani.
Meneja akacheka. Akaeleza mila. Kisha akajitetea: "Ndiyo maana hatuwapi usimamizi. Hata huyu tumemweka kwa ajili ya leo tu."
Leo tu. Nimeyasikia nikiwa chini.  Baba Neema ameshawapigia simu ndugu zake mpaka wa Lupepo. Nilitamani ardhi ipasuke.
 Halafu sauti ya mzee, taratibu, kutoka mlangoni. Alikuwa ametupa mgongo.
"Wa kuondoka ni mimi. Nipelekeni zamu ya usiku. Huyu mwana abaki na kazi yake."
Yule mama akamuuliza meneja kama ana sababu nyingine. Akakubali mzee ahamie usiku.
Sijawahi kumsikia mzee akinitaja. Hata mara moja. Na umri ule, na baridi hii ya usiku. Nimelia njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja katangaza mbele ya watu kwamba nabaki. Hakunitazama. Anaogopa alama za wale wageni, hana lingine. Nina hasira naye. Koti nimelivaa.

Jumatatu, 10 Machi
Ukungu mzito. Nimetoka mapema kwenda kazini. Kwenye kijia cha migombani nikasikia mtu anakohoa. Baba mkwe, anatoka zamu ya usiku, nguo zinanuka moshi. Njia ni nyembamba, na anayepisha siku zote ni mke wa mtoto. Nikaanza kugeuka. Yeye akawahi. Akaingia kwenye migomba yenye umande, akanipa mgongo, akasubiri.
Nikapita.