Nilikata Lebo ya Kiwanja cha Gofu, Sasa Baba Mkwe Anataka Nimpeleke

Mpendwa mshauri, kwa heshima na taadhima, na nikiwa na akili zangu timamu, natangaza kwamba nimekata kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole gumba, na tangu hapo sina raha nyumbani kwangu, kwa hiyo nakuomba unisaidie kabla mwezi haujaisha.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, nafanyia kazi chumba cha nyuma cha kliniki, hakina dirisha, na kazi yangu ni nzuri, wapo watu wakubwa wanaocheka kwa meno yangu na hata salamu hawanipi, lakini silalamiki. Jumapili nacheza gofu kwenye kiwanja cha manispaa, mashimo tisa na nyasi za kuhesabika, unaingia kwa pesa ya soda, na shimo la nne liko karibu na kamba ya nguo za mlinzi, ukipiga shati lake unaongezewa pigo moja. Nilikuwa nimeridhika kabisa, mpaka miaka miwili iliyopita nilipopata bahashishi ya mwisho wa mwaka na shetani akanionyesha njia ya kile kiwanja kikubwa cha kilimani, chenye geti la chuma na miti iliyopangwa kama gwaride, ambako asiye mwanachama hulipa ada ya mgeni, na nilipotajiwa hiyo ada niliuliza kama ni ya mwaka, karani akanijibu bila kuinua macho, "Ni ya mpaka saa kumi na mbili jioni."

Nililipa. Wakanifungia lebo ya kijani kwenye mkoba wa fimbo, ina picha ya ndege na chini yake maneno MGENI WA SIKU. Mshauri, zile nyasi nilizikanyaga kwa aibu, kama mtu anayekatiza sebuleni kwa watu na viatu vyake, nikazamisha mipira saba kwenye bwawa moja, na nilipokaa kupumzika mhudumu akaniletea kitaulo cha moto kimeviringishwa kwenye sahani, nikamwomba chumvi.

Lebo ilitakiwa irudishwe getini nami nikasahau, na nyumbani nikaona hasara kuitupa maana ndiyo pekee iliyobaki katika pesa zile zote, basi nikaenda nayo kazini, nikaikata kwa ule msumeno wetu mdogo, nikaondoa maneno nikabakiza ndege, nikapiga msasa na kung'arisha ukingo kama jino la mbele, hata aliyeitengeneza asingejua, kisha nikaifunga tena kwenye mkoba.

Sasa ndipo anapoingia baba mkwe. Ni mpima ardhi mstaafu, watu wanamwita Futikamba, maneno yake machache na yote yamepimwa. Siku nilipokwenda kumposa binti yake aliniuliza, "Meno ya bandia. Na mshahara nao?" Kwa miaka tisa ya ndoa aliniita "wewe". Lakini siku chache baada ya kuikata ile lebo alikuja kutuona, akaukuta mkoba pale mlangoni, akashusha miwani.

"Hii si ya kilimani?"

"Ndiyo, baba."

"Unacheza kule?"

"Mara moja moja, baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Hongera, mwanangu." Mwanangu, mshauri. Na ndivyo anavyoniita mpaka leo, mbele za watu, hata mbele ya shemeji yangu mwenye gari.

Wiki mbili zilizopita aliniambia, "Mwanangu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi natimiza miaka sabini. Sitaki keki. Nipeleke kilimani tukacheze." Nikamwambia Jumanne kunakuwa na nafasi zaidi. Akasema, "Jumamosi," akatabasamu, mtu ambaye hata kwenye picha za harusi yetu hakutabasamu. Na ada ya wageni wawili nimeipigia hesabu, ni bati zote za upande wa chumba cha watoto, ambako mvua ikinyesha tunaweka beseni kati ya vitanda viwili. Pesa ya bati ipo tayari ndani ya sanduku. Mke wangu anajua kila kitu, nimemwomba ushauri akiwa anakunja nguo, akaniambia, "Baba watoto, zungumza na baba yangu au zungumza na beseni. Mimi nimo kazini."

Nimepanga kumtanguliza mzee kwenye miti akapunge upepo huku mimi nikilipa haraka dirishani. Je, ada ile inastahili, ukizingatia kwamba ni heshima ya maisha? Nijibu upesi.

Fundi Meno

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa mipira saba. Kwa mengine sina pole.

Umeuliza kama ada ile inastahili, nami nitakujibu. Mtu anayeupenda mchezo, aliyeweka akiba yake pembeni, na ambaye juu ya kitanda cha mtoto wake pako pakavu, alipe. Mara moja maishani, atembee kwenye nyasi zile bila haraka, ajifute uso kwa kitaulo, arudi nyumbani akawasimulie watu. Kuna watu wanaamka gizani kuzikata nyasi hizo, na sioni ubaya wakilipwa. Lakini wewe hununui nyasi. Unataka kununua neno moja la mkweo kwa siku moja zaidi, na bili unawapelekea watoto wawili waliolala kando ya beseni. Hapana, haistahili. Hata wangekupunguzia nusu.

Hilo jibu lako la "mara moja moja" nimelisoma mara tatu. Ulikwenda mara moja. Hiyo nyingine uliiongeza ya nini? Ungesema kweli siku ile, mlangoni, mngecheka wote na habari ya chumvi, na pengine "mwanangu" ungeipata hivyohivyo, kwa bei ya kitaulo.

Na kuhusu kazi yako ya msumeno, nilimuuliza jirani yangu aliyepika miaka mingi kwenye klabu ya namna hiyo. Amenieleza kwamba mwanachama hafungwi lebo. Wanamfahamu kwa sura, mkoba wake unalala hukohuko ndani ya kabati lake. Lebo ni ya wageni, yenye maneno au isiyo na maneno. Kwa hiyo kwa miaka miwili umebeba begani tangazo kwamba wewe ni mgeni, tena umeling'arisha.

Sasa sikiliza. Kesho ukitoka kazini, nenda dukani ukanunue bati, zipakuliwe uani kwako kabla hujavua viatu, ili pesa hiyo isipate mahali pengine pa kwenda. Keshokutwa nenda kwa baba mkwe, kwa miguu yako, bila mke wa kujificha nyuma yake na bila kupiga simu. Mpe ile lebo mkononi. Mwambie, "Baba, nilikwenda siku moja, nikalipa kama mgeni, nikakata maneno." Kisha nyamaza. Usianze kumweleza habari za msumeno, utajisahau uanze kujisifu.

Akirudi kwenye "wewe", vumilia. Uliishi nalo miaka tisa na meno ya watu hayakuharibika. Jumamosi mchukue umpeleke kwenye kiwanja chako cha manispaa, kwa pesa ya soda mbili. Mwonyeshe shimo la nne na shati la mlinzi. Mtu aliyepima ardhi maisha yake yote hatakubali kuondoka pale kabla hajajua ni hatua ngapi mpaka kwenye kamba.

La mwisho ni dogo. Kwa kuwa ulikuwa umeshapanga mpaka namna ya kulipa kwa siri, nilipiga simu kilimani, kwa jina la klabu ulilolitaja na ambalo siliandiki hapa, kuuliza utaratibu. Jumamosi hawapokei wageni, kwa ada yoyote. Karani alisema ameshachoka kulieleza jambo hilo, mwezi uliopita tu alimjibu hivyohivyo mzee mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mpima ardhi mstaafu.