Tundu Lililozibwa kwa Joho la Marehemu

Kwako Shangazi Mesauda, sauti yako ya redioni ndiyo inayotuchemshia kahawa kila alasiri hapa Setifu, nishike mkono leo maana mambo ya nyumba hii nikiyasimulia mtaani wataniona mimi ndiye mwenye roho mbaya. Naitwa Wasila, nimeolewa na Layashi, tunaishi na mama yake, Mama Hadda, pamoja na binti yetu Anfali ambaye bado hajaanza shule, na baba mkwe, Mzee Lakhdari, tulimzika mwaka juzi kwenye theluji.

Baridi ilipoanza Layashi alinunua hita ya gesi akaifunga mwenyewe chumbani kwa mama, na bomba lake la moshi akaliingiza kwenye dohani ile ya zamani tuliyokuwa tukichomea kuni, ambayo juu yake, kule paani, kuna kiota cha korongo tangu enzi za babu, na kiota hicho hakuna wa kukigusa kwa sababu Mama Hadda alishasema, "Atakayemvunjia nyumba mgeni wa Mungu na yeye atafute pa kulala," basi Layashi akasema moshi utajipenyeza tu katikati ya vijiti. Halafu tundu la hewa lililo chini ya dirisha likawa linampuliza mama miguu, mwenyewe akaliziba kwa joho la sufu la marehemu, kashabia yake ya kila siku, akisema afadhali lifanye kazi kuliko kuliwa na nondo.

Tangu hapo, Shangazi, chumba kile kimekuwa kitamu ajabu. Tukishakunywa kahawa, vioo vinatoka jasho, moto wa hita unageuka kutoka buluu unakuwa njano, sauti zinasikika kwa mbali kama mtu aliye ndani ya maji, na mama anasinzia huku anatabasamu, na akiamka anasema, "Lakhdari alikuja." Mwanzo alisimama mlangoni tu, baadaye akakaa, akaomba mkate wa moto na mafuta ya zeituni, na kila akija analalamika anasikia baridi, hana joho. Mama aliyekuwa hali wala hasemi sasa anajipaka hina, anajisuka, anasubiri alasiri kama bibi harusi, na mimi niliyekuwa namcheka nimeanza kukaa naye, na nikamwona marehemu mama yangu mzazi uani kwetu akiviringisha unga wa kuskusi, akaniita kwa jina langu la utotoni, wallahi sikutaka kuamka. Niliamka kichwa kinagonga, nikatapika, nikajidanganya labda nina mimba.

Juzi ndege wa Layashi, yule maknini wake anayempenda kuliko sisi, alidondoka kutoka kwenye kijiti chake ndani ya kizimba humo chumbani kwa mama, nikamtoa kibarazani kumtupa, akafufuka akaanza kuimba. Jirani yangu Dalila akanikaripia, "We Wasila, hiyo ni gesi, unangoja nini?" Nikamwambia Layashi, akanijibu, "Hata ndoto za mama unazionea wivu?"

Jana mama aliamka analia kwa furaha. Anasema Lakhdari amemshika mkono, ameahidi kuja kumchukua, na amesema Anfali naye waende naye. Anfali alikuwa amelala mapajani mwake, nikamwita, nikamwita, nikamtikisa ndipo akafumbua macho. Nikizima hita hii nitakuwa nimemuua baba mkwe mara ya pili, na mama hatanisamehe. Nifanyeje, Shangazi?

*

Wasila, inuka. Najua mmekaa humo humo mnanisikiliza. Zima hita, fungua dirisha na milango yote, mbebe Anfali, mshike mama mkwe wako, tokeni nje. Chukueni na redio. Nitaendelea mkiwa kibarazani.

Mko nje? Haya. Sasa nikugombeze. Mtoto anakataa kuamka, wewe unakaa chini kuandika barua! Hata ndege amekujibu kabla yangu. Nakuelewa, binti yangu, kumwona mama aliyekufa si jambo dogo, mimi mwenyewe ningetamani. Lakini huo ni moshi wa gesi usio na harufu wala rangi. Unalewesha, unabembeleza, kisha unaua. Nendeni hospitali leo hii, wote, mseme mmevuta moshi wa hita, mpimwe damu. Msisubiri kichwa kipoe.

Wewe Layashi, nani alikuambia moshi unaomba njia kwa korongo? Hita haiwashwi tena mpaka aje fundi wa gesi anayetambulika. Aweke bomba la chuma la hita peke yake, lisiingie kwenye dohani ya kuni, lipande juu bila kona nyingi, viungo vibane, litokeze juu ya paa mbali na madirisha, na kofia yake juu. Matundu ya hewa, la chini na la juu, yabaki wazi hata miguu igande, vaeni soksi. Nunua kengele ya kunusa moshi huo. Moto ukigeuka njano, zima, usiulize mtu. Na kila mwaka kabla ya baridi bomba likaguliwe. Korongo wamesafiri sasa, kiota ni kitupu, wasimamishieni nguzo yenye jukwaa mkihamishe kabla hawajarudi. Hakuna atakayekosa adabu kwa mgeni wa Mungu.

Mama Hadda, dada yangu, usizime redio. Mumeo anakuja anatetemeka kwa sababu joho lake mmelitumbukiza ukutani. Lichomoe, likung'ute, ulivae wewe. Keti nalo hewa ikipita. Kama ni Lakhdari kweli, atakuja hata penye hewa safi, na hatamtaka mjukuu. Na asipokuja tena, lia. Lia ukiwa hai, Anfali akupande mapajani akuulize bibi unalia nini, umsimulie babu yake.